UZI: Kuotesha viungo vya jikoni nyumbani kwa sisi wa Dodoma, tuanzie wapi (mchaichai, mnanaa, rozimari, giligilani)

bustani_ya_ndoo (mleta uzi)

Wakuu habari za saizi. Naona kila siku watu wanauliza namna ya kuanza kuotesha viungo nyumbani, wengi ni wale waliohamia huku kikazi toka serikali ihamie, wametoka Dar, Tanga, Moshi, sehemu ambazo ukichomeka kijiti kinajiotea chenyewe. Wakifika Dodoma wananunua pakiti tano sita za mbegu, wanamwaga kwenye sufuria bovu nje, wanamwagilia wiki mbili, kimya. Alafu wanasema huku hakuoti kitu. Kunaota bwana, mi nimezungukwa na ndoo hapa Nkuhungu na jirani zangu wanakuja kuchuma.

Huku mvua inaanza mwisho wa Novemba au Desemba huko, Aprili imekata, na kwa mwaka mzima ni milimita 550 mpaka 600 hivi tu. Miezi inayobaki ni vumbi. Juni na Julai usiku unatafuta blanketi, Agosti mpaka Oktoba ni upepo unaobeba mpaka mabati, Oktoba na Novemba jua halina huruma. Weka na maji sasa, bomba ni kwa mgao, walioko pembeni ya mji wanategemea visima na visima vya maeneo mengi hapa vina chumvi, unaijua hata kwenye chai. Kwahiyo kabla hujafika dukani jiulize maji yako ni ya wapi, yanakuja lini na unayahifadhi kwenye nini. Ukishajua hilo ndo unachagua mmea.

Mimi msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu watanipinga: anayeanza asianze na mbegu. Aanze na vipande. Mbegu za viungo nyingi ni ndogo, zinataka unyevu wa muda wote ndani ya zile siku za mwanzo, na upepo wa huku unakausha udongo wa juu kabla hujarudi kazini. Kipande kinakaa ndani ya nyumba kwenye glasi ya maji dirishani, hakisumbuliwi na mtu.

Mchaichai ndo wa kwanza kabisa. Nenda soko la Sabasaba au Majengo, usichukue fungu la majani matupu, chagua mashina yenye kitako, ile sehemu nyeupe ya chini inayotokea kwenye mzizi. Wauzaji wengine wanakata juu sana, hayo hayaoti hata uyaombee dua. Bandua majani makavu ya nje, punguza majani ya juu ubaki na shina la urefu wa kiganja na kidogo, simamisha kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili. Badilisha maji kila baada ya siku moja mbili yasioze. Ndani ya wiki moja mpaka mbili utaona mizizi myeupe inachomoza pale chini pembeni, ikifika urefu wa kidole hamishia kwenye ndoo ya lita 20. Kama una jirani mwenye shina kubwa ni rahisi zaidi, mnapasua mnagawana, kila kipande na mizizi yake. Ukishashika ndoo mchaichai unavumilia jua la hapa kuliko mmea mwingine wowote wa jikoni ninaoujua. Angalia tu mikono wakati wa kukata, yale majani yana makali.

Mnanaa nao ni wa kipande. Unakata tawi bichi la urefu wa kidole au zaidi, unakatia chini kidogo ya kifundo pale majani yanapotokea, unatoa majani ya chini, unaweka kwenye maji. Huu hauchelewi mizizi. Ila mnanaa usiuchanganye na mwenzake kwenye chombo kimoja, una vijiti vinavyotambaa chini ya udongo na baada ya muda utakuta mwingine wote umeshafunikwa. Na hautaki jua la mchana la huku. Uweke upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu, ukinge na upepo kwa ukuta au michongoma, na udongo wake usikauke. Mwezi wa kumi ndoo moja ya mnanaa inaweza kula lita nzima ya maji kila siku, sometimes na zaidi, kwahiyo kama maji kwako ni ya kununua kwa dumu fikiria kwanza.

Rozimari ni kinyume chake kabisa. Huu mmea ungekuwa na kitambulisho cha taifa ungeandikwa mkazi wa Dodoma. Asili yake ni nchi za pembeni ya bahari ya Mediterania, kule kiangazi ni kikavu, unapenda jua na udongo unaopitisha maji haraka, na kinachoua rozimari nyingi majumbani ni ndoo ya maji kila jioni. Shida yake ni kuanza. Mbegu zake zinaota chache na kwa kujivuta, usipoteze hela. Omba matawi kwa mwenye nao, kata ncha changa za sentimita 10 mpaka 15, zile ambazo hazijawa mti, vua majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga mwingi uliochanganywa na udongo kidogo. Kata kitako cha chupa kubwa ya maji, funika nayo, weka kivulini. Inachukua mwezi mmoja hadi miwili. Na tafadhali usiwe unavuta kuangalia kama umeshika, ile mizizi ya mwanzo ni laini sana ukivuta umeimaliza. Ukiona ncha inatoa majani mapya ya kijani mpauko, hapo jua tayari.

Kuhusu vyombo sina mengi. Ndoo, dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu, beseni lililopasuka, kiroba, vyote sawa. Matundu chini yawe mengi, pasha msumari moto toboa kama manane hivi. Chombo kilichokaa dawa ya kilimo au kemikali usikiguse, hapa tunakula. Mchanganyiko wangu ni ndoo mbili udongo wa juu, moja mchanga wa korongoni, moja samadi iliyooza. Kwa rozimari samadi weka kiganja tu, mchanga ongeza. Udongo wetu huu mwekundu ukiuweka peke yake ukimwagilia siku mbili tatu unashikana juu kama sakafu, maji yanapita pembeni ya ndoo yanatokea chini, wewe unadhani umemwagilia kumbe katikati kukavu.

Karibuni, maswali na nyongeza.

mpangaji_areaC

Aisee nimekaa pale na kiti changu. Mimi nimepanga chumba na sebule, uwanja ni wa wapangaji wote sita na mwenye nyumba ana kuku. Kuna matumaini?

bustani_ya_ndoo

@mpangaji_areaC kuku ni adui namba moja huku mjini kuliko wadudu, atachakura mpaka mzizi utoke nje. Ninginiza. Dumu la lita 5 kata ubavu, kamba mbili, kenchi ya kibaraza au nondo za dirisha. Weka vitunguu majani kwenye dumu moja na mnanaa kwenye lingine, hivyo havitaki kina kirefu. Vitunguu majani usinunue hata mbegu, ukinunua fungu la kupikia kata ubakize kipande cha chini chenye mizizi cha sentimita tatu hivi, kizike kichwa kiwe nje, kinachipua ndani ya siku chache. Mchaichai na rozimari zinataka ndoo kubwa, hizo ongea na mwenye nyumba akupe kona. Mpelekee majani ya chai kwanza alafu ndo uombe kona.

mama_ntilie_ilazo

Nashukuru kwa uzi kaka. Mimi shida yangu giligilani, ndo natumia kila siku kwenye kachumbari na pilau na wateja wanaipenda. Umeiandika kwenye kichwa cha habari alafu humo ndani umeiruka. Nikipanda inaota vizuri tu, ikishafika juu kidogo inarefuka, majani yanakuwa membamba nyuzi nyuzi, inatoa maua meupe imeisha hiyo. Nafanyaje?

bustani_ya_ndoo

Dada yangu nilikuwa nasubiri mtu aiulize maana ina maneno yake. Giligilani ni mmea wa ubaridi. Joto likipanda inaona maisha yanaisha, inakimbilia maua na mbegu. Kwa Dodoma msimu wake ni Mei mpaka Agosti mwanzoni. Ukipanda Oktoba hata umwagilie na maji ya kisima cha Zamzam itakimbia tu. Nje ya huo msimu iweke kwenye kivuli cha mchana na uvune ikiwa ndogo, usisubiri inenepe.

Sasa mbegu. Zile giligilani nzima za dukani za viungo zinaota, mradi hazijakaangwa na sio za mwaka juzi. Nusa, zikiwa na harufu kali ni dalili kwamba hazijakaa sana. Kila kipunje cha duara unachokiona ndani yake kuna mbegu mbili zimefungwa pamoja, kwahiyo ukizika nzima zinachelewa. Mimi nafanya hivi: natandaza gazeti mezani, namwaga kiganja kimoja, nachukua chupa ya soda naiviringisha juu yake taratibu huku nakandamiza kidogo, unasikia zinalia tik tik, zinafunguka nusu nusu. Ukikandamiza sana unapata giligilani ya unga, hiyo peleka kwenye pilau. Zilizofunguka naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji, nazitawanya kwenye ndoo zinapokaa moja kwa moja, nafukia sentimita moja tu, nafunika na kiroba kibichi. Kiroba kinabaki hapo mpaka zianze kutokeza, wiki moja mpaka mbili hivi, kila jioni unakinyunyizia maji. Zikishatokeza toa kiroba siku hiyo hiyo, ukichelewa zinakuwa njano na ndefu.

Usizihamishe. Mzizi wake mkuu unaenda chini moja kwa moja ukiusumbua inakasirika inatoa maua. Baada ya wiki 4 mpaka 6 unaanza kukata majani ya nje, ya katikati yaache. Na kwa matumizi yako wewe wa biashara panda chombo kipya kila baada ya wiki mbili, huyu akichoka mwenzake anaingia. Zikishakimbia maua waachie nyuki, subiri mbegu zikauke, unazo za msimu ujao bure.

Mchumi wa Kitaa

Samahani ntakuwa tofauti kidogo. Fungu la giligilani sokoni jero. Dumu la maji kwa wanaonunua, muda wako, kiroba, chupa ya soda hahaha. Hesabu inakataa wakuu, haya ni mambo ya kujifurahisha tu tusidanganyane eti unaokoa hela.

bustani_ya_ndoo

@Mchumi wa Kitaa kwa giligilani ya mwezi wa kumi kwa mtu wa maji ya dumu uko sahihi asilimia mia, nunua tu sokoni. Ndo maana nimesema uanze na maji yako. Ila mchaichai na rozimari hesabu yake ni nyingine, ukishashika unavuna miaka na miaka na maji yake ni ya kusuuzia mchele na mboga ambayo ungeyamwaga. Alafu kuna kitu cha pili, rozimari mbichi sokoni kwetu huikuti kila siku, ukiihitaji kwenye nyama choma mpaka uende supamaketi nako ni kakijiti kamoja kwenye plastiki.

Mzee wa Zabibu

Vijana hamjambo. Nimesoma, yuko sawa huyu bwana kwenye vipande. Sisi kwenye zabibu hatujawahi kupanda mbegu, ni matawi yanayotoka kwenye kupogoa ndio yanaoteshwa, na huku tunavuna mara mbili kwa mwaka kwenye ardhi hii hii mnayoilalamikia.

Naomba niongeze kwenye samadi maana ndiyo inaharibu watu. Samadi huku ipo tele, kila Mgogo mwenye zizi atakugawia au atakuuzia kwa toroli. Lakini ile inayochotwa juu juu zizini jana bado ina moto, ukiweka kwenye ndoo inaunguza mizizi. Na huku kwetu kwa sababu mvua ni chache mkojo wa ng'ombe unakaukia pale pale, kwahiyo ina chumvi nyingi kuliko samadi ya watu wa Njombe. Chukua ile ya chini kabisa ya zamani, au ilundike, iloweshe, ifunike na turubai, igeuze geuze kwa miezi miwili mitatu. Ishike mkononi: ikiwa ya baridi, haina harufu ya zizi, inavunjika vunjika hujui tena kipi kilikuwa nyasi, hiyo weka. Ya mbuzi ni vidonge vigumu vinachukua muda mrefu zaidi, viponde. Ya kuku kali sana kwa ndoo ndogo, mwanzo achaneni nayo.

Na robo inatosha. Watu wanadhani samadi ni chakula ukizidisha mmea unanenepa.

bustani_ya_ndoo

Shkamoo mzee. Hiyo ya chumvi kwenye samadi ya huku nakubaliana na wewe, watu hawaisemi kabisa.

nzuguni_mpya

Mimi nina shida sijui ni ugonjwa. Mnanaa wangu majani yanakauka pembeni, ukingo wote unakuwa wa kahawia alafu katikati kijani. Namwagilia kila siku asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Natumia maji ya kisima. Kuna dawa?

bustani_ya_ndoo

@nzuguni_mpya kabla ya dawa naomba uende sasa hivi ukaangalie vitu viwili. Ukingo wa ndoo kwa ndani pale udongo unapogusana na plastiki, na yale matundu ya chini kwa nje. Kuna ukoko mweupe?

nzuguni_mpya

Upo. Mweupe mgumu, nimekwangua kwa ukucha unabanduka vipande. Na chini kwenye kile kisahani nilichoweka kuzuia maji yasimwagike kimejaa.

bustani_ya_ndoo

Basi hakuna ugonjwa hapo, ni chumvi ya kisima. Kila unapomwagilia kidogo kidogo maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Kesho tena. Inarundikana mpaka mmea unashindwa kunywa hata kama udongo umelowa, ndo majani yanaanza kuungua kwa pembeni.

Toa hicho kisahani kabisa, maji yanayotoka chini yana chumvi nyingi na mmea unayanyonya tena. Kwangua ukoko pamoja na udongo wa juu wa unene wa kidole, tupa. Siku bomba likitoka chukua maji ya bomba, au kama una ya mvua ndo bora kuliko yote, mwagilia taratibu mpaka yatoke chini mengi, subiri dakika kumi, rudia, rudia tena. Ndoo moja ya mmea inaweza kutaka ndoo mbili za maji, najua inauma lakini ni mara moja. Baada ya hapo mwagilia kwa kushibisha mpaka yatoke chini, alafu acha mpaka ukichomeka kidole udongo uwe umeanza kukauka kwa juu. Sio kidogo kidogo kila saa.

Mvua zikianza toa ndoo zote nje zinyeshewe, ile mvua ya kwanza kubwa inasafisha udongo kuliko mtu yeyote. Na tega maji ya bati, hata pipa moja tu la mnanaa na giligilani, hawa wawili ndo hawavumilii chumvi. Rozimari yako mpe ya kisima anavumilia kiasi.

mama_ntilie_ilazo

Na maji ya kufulia je? Mi ninayo mengi kila siku ya vyombo na nguo.

bustani_ya_ndoo

Ya sabuni ya unga hapana dada, mle kuna chumvi za sodiamu zinazoua udongo, tena kwenye ndoo hayana pa kwenda. Ya kuoshea mchele, kunde, matunda, mboga, hayo ni halali. Ya kuchemshia yakiwa hayana chumvi yaache yapoe kwanza. Ya vyombo mwagia kwenye mwarobaini wa nje huko.

Mzee wa Zabibu

Na majivu msizidishe. Kuna mtindo wa kila tatizo kumwaga majivu ya mkaa. Kidogo kwa ajili ya mchwa kuzunguka ndoo sawa, ila ndani ya udongo mara kwa mara unauongezea magadi ambayo sehemu nyingi za hapa tayari yapo.

binti_mtumba

Umetaja mchwa mzee umenikumbusha. Niliweka nyasi kavu juu ya udongo kuzuia kukauka kama wanavyofundisha huko mitandaoni, mchwa wakahamia na familia zao zote 😂 nitandaze nini sasa? Na wale wadudu wadogo wa kijani wamejaa kwenye ncha za mrihani, majani yanajikunja.

bustani_ya_ndoo

@binti_mtumba huku kati tuna karanga na alizeti, tumia maganda ya karanga. Unayapata bure kwa wanaobangua, tandaza unene wa vidole viwili ila yasigusane na shina. Mchwa nao wanayala hatukatai, lakini kwa ndoo inua juu ya matofali mawili isigusane na ardhi, wanaingilia kwenye yale matundu ya chini. Kokoto ndogo nazo zinafaa, hasa kwa rozimari, mchwa hana cha kula hapo.

Hao wa kijani ni vidukari. Wakiwa wachache wapige na maji kwa nguvu, watoe kwa vidole, imeisha. Wakizidi kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani wanapojificha, asubuhi suuza kwa maji safi. Usipige jua likiwa kali utaunguza majani. Wengine wanatwanga majani ya mwarobaini wanaloweka usiku kucha wanachuja, nayo inafanya kazi ila ule uchungu unabaki kwenye majani, kwa kitu cha kula kibichi mi siipendi.

Kama majani yanapauka vidoa vidoa na kuna utando mwembamba chini ya jani, huyo sio kidukari ni utitiri, anapenda sana ukavu na vumbi la mwezi wa tisa na wa kumi. Osha majani kila siku chache upande wa chini, unyevu anauchukia.

Na mrihani, kila ukiona ncha imetoa kishada cha maua kata. Kata juu ya pale majani mawili yanapotokea, pale patachipua matawi mawili. Ukiogopa kukata utabaki na fimbo moja ndefu. Juni na Julai usishangae ukidumaa, baridi ya usiku ya huku haupendi kabisa, subiri Septemba.

mpangaji_areaC

Kumbe huo mrihani ni wa mbegu? Ulisema tusianze na mbegu.

bustani_ya_ndoo

Unaota kwa vyote. Tawi bila maua kwenye maji linatoa mizizi bila shida. Kwa mbegu ni rahisi kuliko wenzake, tawanya juu usifukie sana, wiki moja umeshaona. Kwahiyo ukitaka kujifunza mbegu jifunzie kwenye mrihani, ukishaweza nenda giligilani, paseli na thaimu ziwe za mwisho kabisa. Paseli inaweza kukaa wiki tatu haijatokeza na watu wanaitupa ikiwa bado inajiandaa.

msusi_wa_makole

Jamani rozimari ya nywele! Wateja wananiuliza kila siku. Ni hii hii ya jikoni?

bustani_ya_ndoo

Ni hiyo hiyo dada. Mambo ya nywele kukua mi sio mtaalamu siwezi kukuahidi, hapa nakuoteshea tu. Ila kwa matumizi yako ndoo moja haitoshi, panda mstari wa ardhini kandokando ya ukuta unaopata jua, umbali wa nusu mita na zaidi kati ya shina na shina, inajaa inakuwa uzio. Usikate mpaka kwenye mti mkavu wa chini usio na majani, sehemu hiyo aghalabu haichipui tena. Kata theluthi ya juu tu, subiri irudi.

Mwanachuo wa Ng'ong'ona

Likizo tunaondoka mwezi mzima na zaidi, nani atamwagilia? Au ndo nisubiri nimalize chuo 😅

Mzee wa Zabibu

Mpe jirani.

bustani_ya_ndoo

Mzee amemaliza 😂 Kama huna jirani wa kuaminika, chupa ya lita moja na nusu, toboa kizibo na sindano tundu moja, jaza maji, igeuze kichwa chini izike shingo kwenye udongo uliokwisha lowa. Inashuka kidogo kidogo. Lakini hiyo ni ya siku chache, ukikutana na mwezi wa tisa hata wiki haifiki. Kwa mwezi mzima acha mchaichai na rozimari peke yake, zisogeze kivulini, kata majani ya mchaichai yote ubakize urefu wa kiganja ili zisipoteze maji. Mnanaa kata uufishe, usafiri na matawi yake kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko, ukifika nyumbani weka kwenye maji. Ukirudi chuo unarudi na mnanaa.

Mchumi wa Kitaa

Sawa mmenishinda kwenye rozimari. Kwa asiye na jirani mwenye nao miche inapatikana wapi? Na wapi nisitapeliwe, kuna mtu barabarani aliniuzia mche eti thaimu umekuwa mkubwa hauna hata harufu.

bustani_ya_ndoo

Vitalu vya kandokando ya barabara vipo vingi, na Agosti ukienda Nanenane viwanja vya Nzuguni kuna mabanda yanaleta miche. Popote ukienda fanya jambo moja kabla ya kutoa hela, fikicha jani kwa vidole unuse. Kiungo kisicho na harufu ni ua. Alafu inua kopo uangalie chini, mizizi ikiwa imejizungusha imejaa nje ya matundu huo umekaa sana, na ukiwa hauna mzizi hata mmoja unaoonekana ukiutikisa unacheza, huyo kachomeka tawi jana asubuhi anakuuzia leo. Mchanga ndani ya kopo ukiwa unanuka uvundo uache, umeoza chini.

binti_mtumba

@Mchumi wa Kitaa mimi nina rozimari imezidi nilipunguza wiki hii, matawi yapo kwenye ndoo kivulini. Ukipita upande wa Mtumba jioni njoo inboksi nikupe, na wewe @msusi_wa_makole kama unataka. Leteni gazeti lililoloweshwa muyafunge, msiyaache kwenye gari juani.

Mchumi wa Kitaa

Nakuja kesho baada ya kazi. Kwahiyo nikifika nyumbani nachomeka usiku ule ule au yalale kwenye maji?

bustani_ya_ndoo

Chomeka usiku ule ule, rozimari kwenye maji mengi inaoza. Mchanga uwe umeshauandaa na umeshaulowesha kabla hujatoka nyumbani, na chupa umeikata tayari. Weka matawi sita saba kwenye ndoo moja maana yote hayatashika.

mama_ntilie_ilazo

Binti Mtumba na mimi nipo kwenye foleni, ntakuletea giligilani nilizozifungua kwa chupa ya soda.

binti_mtumba

Njoo nazo mama, nina ndoo mbili tupu.